Tulitaka samaki wa kiooni, tukaingiza papa nyumbani

Mpenzi msomaji, kama nyumbani kwako mna kompyuta, hebu nikuulize jambo. Ukiiacha dakika kumi bila kuigusa, kioo chake hufanya nini? Huzimika kikawa cheusi? Huonyesha mapovu ya rangi yakielea? Au kuna mtu, pengine mwanao, pengine wewe mwenyewe, aliyeingia mtandaoni akaleta maporomoko ya maji, magari ya mashindano, au samaki? Kama ni samaki, tafadhali usiufunue ukurasa wa pili kabla ya kuumaliza huu.

Mimi ni mkazi wa Mishomoroni, bara ya Mombasa, ng'ambo ya daraja la Nyali, ukishaipita Kongowea. Kazi yangu ni ya makaratasi. Kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa karani katika kampuni za kutoa mizigo bandarini, kwa hivyo kompyuta si kitu kigeni kwangu. Hilo ndilo lililonidanganya. Asiyejua kuogelea huogopa maji; anayejua kidogo ndiye tunayemwokota ufuoni.

Kompyuta yetu tuliinunua mwaka wa 2017, mtumba, kutoka ofisi moja iliyokuwa ikibadilisha zake. Tuliiweka sebuleni juu ya meza ndogo na mama watoto akaifumia kitambaa cha kuifunika, maana vumbi la barabara yetu unalijua, na hewa ya chumvi kutoka upande wa mikoko haina huruma na chuma. Wote tuliitumia. Binti yangu aliandikia kazi zake za chuo kikuu. Kijana wa sekondari alifanyia marudio na, akidhani simwoni, michezo. Mama watoto aliweka hesabu za maakuli anayopikia harusi. Mimi nilijazia fomu za kodi. Wote tuliingia kwa jina moja lisilo na nenosiri. Ilikuwa nyumba yenye mlango mmoja na ufunguo mmoja, na ufunguo wenyewe ukining'inia kwenye kufuli.

Mapema mwaka wa 2020 nilimleta baba yangu kutoka Kizingitini, kule visiwa vya Lamu, baada ya kupooza upande mmoja wa mwili. Baba alikuwa mvuvi tangu utotoni. Alivua kwa mshipi, kwa madema na kwa jarife, na alipiga mbizi akitafuta kamba hadi masikio yake yakaanza kumsumbua. Mtu wa namna hiyo ukimweka kitini Mishomoroni, ambako bahari huisikii na maji yenyewe huletwa mlangoni kwa mkokoteni na mitungi, humsaidii, unamhifadhi tu. Televisheni hakuipenda. Alisema watu wake wanapiga kelele bila kusalimu.

Shule na vyuo vilipofungwa mwezi wa Machi mwaka huo kwa ajili ya korona, binti yangu alirudi nyumbani na wazo. Aliazima kwa rafiki yake kifaa cha kurekodia sauti akaanza kukaa na babu yake kila alasiri, baada ya uji. Alimwuliza juu ya kaskazi na kusi, juu ya bamvua na maji mafu, vipi mvuvi anajua mahali pa mwamba bila kuuona, na ni samaki gani anayekula usiku. Rekodi zilifika kumi na moja. Kila moja baba aliianza kwa namna ile ile: alipiga bismillahi, akataja jina lake, jina la baba yake na la babu yake, na mahali alipozaliwa, kama mtu aliyesimama mbele ya kadhi. Binti alizihamishia kwenye kompyuta. Mwenye kifaa alipokitaka, akakifuta na kukirudisha. Naomba ulishike neno hilo, msomaji: akakifuta.

Samaki walikuja kwa njia hii. Nilikuwa nimempeleka baba kliniki moja mjini, na pale penye foleni palikuwa na kompyuta ambayo ikikaa bila kazi huonyesha bahari. Samaki wa rangi walipita taratibu kati ya matumbawe. Baba, ambaye wiki nzima hakuwa amesema maneno kumi, aliinua mkono wake mzima akaonyesha.

“Kitatange yule,” alisema. “Na yule nyuma ni kangaja. Mwanangu, hawa nani anawalisha?”

“Hawalishwi, baba. Ni picha tu.”

“Ndiyo maana wamenona bila akili.”

Tukacheka, naye akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Njiani, ndani ya matatu, nilikuwa nimeshaamua. Nyumbani nami nitamwekea bahari.

Programu ile wenyewe huiita skrinseva. Wataalamu wa lugha wana majina yao mazuri, lakini ukiyataja kwa fundi wa mtaani kwetu atakutazama kama umemwomba dawa ya kienyeji. Nilitafuta, nikaipata inayofanana na ile ya kliniki. Mwenye kuitengeneza alikuwa akiiuza, na ya kujaribu bure ilikuwa na samaki watatu tu, na maandishi ya kuomba malipo yamekatiza kioo kizima. Baba aliitazama siku mbili akauliza ni bahari gani hii iliyoandikwa. Bei ya ile kamili haikufika hata ya kitoweo cha samaki cha wiki moja kwa nyumba yetu. Nalisema hili kwa aibu. Ningelipa, nisingekuwa na la kukuandikia.

Badala yake, Jumamosi moja ya Februari 2021, nilikaa chini nikatafuta ile kamili ya bure.

Nakueleza nilichokiona hatua kwa hatua, kwa sababu huenda nawe umekiona au utakiona. Ukurasa ulikuwa na vifungo vitano vikubwa vya kijani, vyote vikisema pakua, na hakuna kilichokuwa cha kweli isipokuwa kimoja kidogo chini kabisa. Kilichokuja kilikuwa mzigo uliofungwa, wa aina ya zip, wenye nenosiri, na nenosiri lenyewe limeandikwa palepale ukurasani. Nilijiuliza kidogo tu: kufuli la nini kama ufunguo unagawiwa bure? Baadaye ndipo fundi aliponieleza. Mzigo ukifungwa kwa nenosiri, programu ya kukinga virusi haiwezi kuchungulia ndani. Chini ya hapo palikuwa na maagizo kwamba nizime kwanza kinga ya virusi ya kompyuta yangu, eti kwa sababu kampuni za kinga hazipendi watu wapate vitu vya bure.

Nikaizima. Mimi mwenyewe, kwa mkono wangu, na miwani machoni.

Nikabonyeza mara mbili. Kompyuta ikaniuliza kama ninairuhusu programu hii ifanye mabadiliko. Nikabonyeza ndiyo bila kusoma. Samaki hawakuja. Kikatokea kidirisha kikisema Windows inasasishwa, nisubiri, nisizime. Nikaona si vibaya, nikatoka kwenda kunywa kahawa tungu barazani. Niliporudi baada ya sala ya isha, kila faili iliyokuwa ndani ya kompyuta ile ilikuwa imeota mkia wa herufi nne nisizozijua. Hakuna picha iliyofunguka. Hakuna barua. Kazi ya binti yangu ya mwaka mzima haikufunguka. Katika kila folda palikuwa na karatasi moja ya Kiingereza, ya adabu kabisa, ikinieleza kwamba faili zangu zimefungwa, kwamba ufunguo ni dola 980 za Marekani, na kwamba nikiwahi kabla ya saa 72 nitapunguziwa nusu.

Binti yangu hakunilaumu. Aliuliza jambo moja tu, “Baba, na sauti za babu?”

Kabla sijaendelea na msiba wangu, nikueleze kitu hiki ni nini hasa, kwa kuwa nimekutana na watu wenye shahada zao wasiolijua. Zamani vioo vya kompyuta vilikuwa vile vizito, vyenye mgongo mrefu kama wa televisheni za kale. Ndani yake mlipakwa fosfori iliyong'aa ikipigwa na miale. Picha moja ikikaa mahali pamoja siku nyingi, fosfori pale ilichakaa na kivuli cha picha kikabaki kiooni daima, hata mashine ikizimwa. Ndiyo maana watu walitunga programu za kuchezesha picha wakati mwenyewe hayupo, ili pasiwe na mahali panapochoka peke yake. Mwaka wa 1989 kampuni ya Berkeley Systems ya California ilitoa After Dark, iliyopata sifa kwa vichoma-mkate vyenye mabawa vilivyoruka gizani. Ikawa mapambo, ikawa biashara.

Mapambo mengine yalikuwa na faida ya kweli. Mwezi wa Mei 1999 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa skrinseva ya SETI@home. Kompyuta yako ikikaa bure, hiyo ilipiga hesabu za mawimbi ya redio yaliyonaswa kutoka angani, kutafuta dalili za viumbe wengine. Mamilioni ya watu duniani waliiweka, na kazi hiyo ilisimamishwa Machi 2020. Kwa hivyo sisemi kila skrinseva ni mwizi.

Lakini angalia hapo, msomaji. Skrinseva iliyoweza kupigia wanasayansi hesabu ndani ya nyumba yako ukiwa umelala inakuonyesha nguvu iliyomo. Picha ya samaki ni picha. Kompyuta huionyesha, basi. Skrinseva si picha. Ni programu kamili, sawa na ile ya kuandikia barua, na katika Windows faili yake huishia kwa nukta na herufi tatu: s, c, r. Windows huitekeleza faili hiyo kama inavyotekeleza ile inayoishia kwa e, x, e. Ukishaibonyeza mara mbili, umeipa ruhusa ya kufanya lolote unaloweza kufanya wewe: kusoma barua zako, kufuta picha zako, kutuma kitu kwa jina lako. Na ukibonyeza ndiyo pale inapoomba ruhusa kubwa, kama nilivyobonyeza mimi, umeikabidhi nyumba nzima.

Wahalifu walilijua hili zamani. Disemba 2001 ulienea duniani mnyoo wa kompyuta ulioitwa Goner. Ulifika kwa barua pepe kutoka kwa mtu unayemjua, ukikusalimu na kukukaribisha uitazame skrinseva, na faili yenyewe ilikuwa ya s, c, r. Aliyeifungua alijikuta ikijituma kwa watu wote walio katika kitabu chake cha anwani, na ikizifuta programu zake za kinga. Vijana wanne wa shule walikamatwa Israel kwa ajili yake. Watoto, msomaji!

Tena kuna hila nyingine inayosaidiwa na Windows yenyewe. Tangu zamani ina desturi ya kuficha herufi za mwisho za majina ya faili. Mtu akiita faili yake “harusi.jpg.scr”, wewe utaona “harusi.jpg” peke yake, na alama yake akaichora kama picha. Unadhani unatazama harusi ya binamu, kumbe umemfungulia mgeni mlango. Dawa ni nyepesi na ningependa uifanye leo hii kabla ya chakula cha mchana. Katika Windows 11 fungua dirisha la faili, bonyeza “View”, kisha “Show”, uweke alama ya vema kwenye “File name extensions”. Katika Windows 10 utaikuta moja kwa moja chini ya “View”. Kutoka hapo kila faili itakuonyesha jina lake mpaka mkiani.

Turudi Mishomoroni. Asubuhi ya Jumapili nilimwita fundi, kijana wa mtaani mwenye meza yake karibu na stendi, anayetengeneza simu na kompyuta. Alipoiona tu ile karatasi ya dola, aling'oa waya wa intaneti kabla hata hajaketi. Alisema ni jamii ya virusi viitwavyo STOP, wengine huviita Djvu, ambavyo makazi yake ni programu za kulipiwa zinazogawiwa bure. Akatuambia mambo mawili ambayo mimi peke yangu nisingeyafikiria.

La kwanza, kwamba kufunga faili huenda si kazi pekee iliyofanywa. Virusi vya jamii hiyo mara nyingi huja na mwenzao anayekusanya maneno ya siri yaliyohifadhiwa katika programu ya kuingilia mtandaoni. Basi tukae, kila mtu na simu yake, tubadilishe nenosiri la barua pepe kwanza, kisha ya benki, kisha ya eCitizen, ya kodi na ya mkopo wa chuo, na tusitumie ile kompyuta kwa kazi hiyo. Tulikaa kwenye mkeka kama watu wanaochambua mchele. Usiku huo huo mtu alijaribu kuingia katika barua pepe ya binti yangu kutoka nchi ya mbali, akakuta kufuli limeshabadilishwa.

La pili, kwamba tusilipe. Hakuna mahakama ya kumshtakia mwizi aliyechukua pesa asilete ufunguo. Alitufungulia katika simu yake tovuti ya No More Ransom, iliyoanzishwa Julai 2016 na polisi wa Uholanzi, Europol na kampuni za usalama wa kompyuta, ambapo funguo zilizopatikana hugawiwa bure. Tukajaribu. Wa kwetu haukuwepo.

“Lakini msizifute, mzee,” alisema kijana yule. “Ziwekeni kama zilivyo. Ufunguo unaweza kupatikana hata baada ya miaka.”

Akazinakili zote, zikiwa zimefungwa vile vile, kwenye diski ya pembeni, akaipangusa kompyuta na kuiwekea Windows upya. Mama watoto akaitia diski ile ndani ya kasha la vyeti vya kuzaliwa. Baba aliuliza samaki wako wapi. Nilimwambia bahari imechafuka.

Alifariki Agosti mwaka huo huo. Sikuwahi kumwambia.

Nimeulizwa na jirani, na huenda nawe unauliza: basi mtu asiweke kabisa? Mimi jibu langu la kwanza ni kwamba huihitaji. Vioo vyembamba vya siku hizi havina fosfori ile ya kale. Wenye vioo vya OLED ndio bado waangalie picha isigande, na hata kwao kuzimika kwa kioo ni dawa bora. Kioo kilichozimika hakili umeme. Samaki wanaoogelea usiku kucha wanakula tokeni zako. Weka kioo kijizime baada ya dakika tano au kumi, mambo yakaisha.

Lakini najua furaha ya kitu kinachotembea sebuleni, na mgonjwa ana haki ya kuitazama. Windows ina skrinseva zake zinazokuja nayo, za mapovu na mistari, na moja inayoitwa “Photos”, ambayo huchukua folda ya picha zako mwenyewe na kuzipitisha moja moja. Andika “screen saver” katika kisanduku cha kutafutia utaikuta. Laiti ningalijua! Ningaliomba jamaa Kizingitini wapige picha za gati, za mashua zinazopakuliwa, za baraza ya wazee, na baba angalikaa akitaja watu kwa majina yao badala ya kuhesabu samaki wa uongo. Palepale pana kijisanduku kinachoifanya kompyuta idai nenosiri ukirudi. Kiwekee alama. Hiyo ndiyo faida ya skrinseva ninayoiheshimu hadi leo, hasa nyumba ikiwa na wageni wengi.

Ukishikilia kuleta ya nje, ilete kwa mwenyewe aliyeitengeneza, si kwa madalali, na kama anataka pesa mlipe au uache. Jibu la juu kabisa unapotafuta mara nyingi ni tangazo lililolipiwa, kwa hivyo usidhani la kwanza ndilo la kweli. Ukishaipakua, usiibonyeze. Ibonyeze kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ufungue “Properties”, utazame kama pana ukurasa wa “Digital Signatures” na jina lililotia sahihi ni la nani. Kukosa sahihi si ushahidi wa wizi, wala kuwa nayo si cheti cha ucha Mungu, lakini mtu asiyetaja jina lake mlangoni humkaribishi ndani haraka. Kisha ipeleke faili kwenye VirusTotal, tovuti iliyoanzia Uhispania mwaka 2004 na kununuliwa na Google mwaka 2012. Huipitisha mbele ya makumi ya programu za kinga kwa mara moja, bila malipo. Usipeleke huko barua zako za siri, maana kinachopelekwa huweza kuonwa na wengine. Kama ni wengi wanaopiga kelele, futa. Akipiga kelele mmoja peke yake, mimi hufuta pia, ila fundi wangu huniambia ninaogopa kivuli.

Ukifika kwenye kusakinisha, soma kila ukurasa kabla ya kubonyeza. Vingi vya bure hubeba abiria: upau wa kutafutia, programu ya kusafishia, mabadiliko ya ukurasa wa kwanza. Alama za vema zimeshawekwa kwa niaba yako, ziondoe. Na ukiambiwa uzime kinga, uko kwa mwizi. Hapo hapana mjadala wala cha kujaribu kidogo. Windows imekuwa na kinga yake ya ndani, Defender, tangu Windows 8 ya mwaka 2012, na inatosha nyumba nyingi ikiachwa ifanye kazi na ikipata masasisho. Windows 10 ilikoma kupata yale ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hivyo mwenye mashine ya zamani amwulize fundi wake mapema.

Sisi tulibadilisha na utaratibu wa nyumba. Kila mtu sasa ana jina lake la kuingilia, na majina yetu yote ni ya kawaida, yasiyo na uwezo wa kusakinisha. La msimamizi liko peke yake, na nenosiri lake limeandikwa kwenye daftari la mama watoto, kati ya hesabu za wali na za nyama. Kijana wangu alinung'unika sana, akisema ni kosa la mtu mwingine analolipa yeye. Sikuwa na jibu. Diski ya pembeni tunaichomeka Ijumaa jioni, tunanakili vipya, tunaing'oa. Kung'oa ndiko muhimu, maana virusi vile vya dola hula na diski inayokutwa imechomekwa.

Mwaka wa 2022, siku nisiyoitarajia, yule fundi alinipigia simu. Alikuwa amejifunza jambo. Virusi vya jamii ile, ili vimalize kazi upesi, havifungi faili nzima. Hufunga kilobaiti 150 za mwanzo tu. Picha ikikosa mwanzo wake ni shida kubwa kuifufua, na barua ndiyo imekwisha. Lakini sauti ya aina ya MP3 ni kama shanga: ukikata ncha, zilizobaki bado ni shanga. Akaniambia nilete diski.

Picha zetu nyingi hazikurudi. Za harusi ya dada yangu hazikurudi, na kazi ya binti yangu aliiandika upya tangu mwanzo ule mwaka wa msiba. Rekodi kumi na moja za baba zilirudi zote, kila moja imepungukiwa na sekunde tisa au kumi za mwanzo. Fundi alipiga hesabu mbele yangu, kilobaiti 150 kwa kilobaiti 16 za kila sekunde. Tukaketi sebuleni, mimi, mama watoto na watoto, binti akabonyeza ya kwanza.

Bismillahi haipo. Jina lake halipo, wala la baba yake, wala la babu yake, wala mahali alipozaliwa. Sauti inaanza katikati ya pumzi, ikisema, “...naye ndiye alonifunza kuyasoma maji.”